Desturi ya Pemba

Hansa amekufa. Habari zilinijia asubuhi, kwa simu, nikiwa jikoni nakoroga uji wa mjukuu wangu, na uji ukaungua kwa sababu nilibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya aliyepiga kukata. Katika umri wangu watu hufa kila mara, na mimi si mtu wa kulia ovyo: hujitanda buibui langu, hwenda, hukaa na wafiwa, hurudi kupika. Lakini kwa Hansa sikujua pa kuanzia. Alikuwa Baniani, kama sisi Waarabu tuliotoka Unguja na Pemba tunavyowaita Wahindu, na maiti wao huchomwa. Hakuna hitima ambayo ningekwenda kushika juzuu yangu na kujificha nyuma yake. Nilikwenda mikono mitupu nyumbani kwa binti yake, Rupal, na yaliyonikuta huko nitayasema mwishoni, maana hayaeleweki bila ya ule mwaka wa Darsait, mtaa wetu wa Maskati. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nafanya mtihani wa thanawiya, wa kumaliza sekondari, na mwaka huo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kukaa katika nyumba nzuri, kati ya watu wanaompenda, na bado akaogopa kila mlango unapogongwa.

Jengo letu lilikuwa la ghorofa tatu, rangi yake imebabuka, na mbele yake palikuwa na karakana ya kuziba redieta za magari iliyotuletea moshi mchana kutwa. Sisi tulikaa katikati. Chini yetu alikaa Hansa na kaka yake Mahesh, karani wa kampuni moja ya saruji, wote wawili wametoka kijiji kimoja cha Gujarat. Hansa alikuwa na shahada ya hesabu, na mama yangu, Bi Zamzam, aliposikia hivyo alishuka ngazi siku hiyo hiyo kumwomba anifundishe, maana hesabu zilikuwa zinaniua. Tukawa tunasoma kila alasiri kwenye meza yetu ya kulia, yenye kitambaa cha nailoni, huku mama akikaanga kitu jikoni na kututilia neno lake kila mara. Mimi nilijifunza hesabu kwa taabu. Hansa alikidaka Kiswahili kwa muda mfupi tu, tena Kiswahili cha mama yangu, pamoja na vijembe vyake. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anacheka kwa kujiziba mdomo kwa ncha ya sari. Kitu kimoja kilinishangaza. Akishagonga mlango wetu alirudi nyuma mpaka ukingoni mwa ngazi, akasimama huko mbali mpaka aitwe kwa jina. Mama alimtania, “We mtoto, sie hatuumi, ingia!” Akacheka, akaingia, na kesho yake akasimama pale pale.

Juu yetu alikaa Bi Kanta, naye Baniani. Yeye na marehemu mumewe waliuza vitambaa Unguja kabla ya kuhamia Maskati, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyeletwa huku mdogo. Alikuwa shoga yake mama. Walisengenya pamoja, wakaugua pamoja, wakapokezana habari za watu. Hata hivyo, katika miaka yote ile Bi Kanta hakutia mdomo kwenye kikombe cha nyumba yetu. Akija, mama huagiza soda, hufunguliwa mbele ya macho yake, naye huinywa kwa mrija kutoka chupani. Matunda alikula, yale ya kumenywa tu. “Dini yake,” mama alisema, na mimi nikanuna, kwa sababu kwetu kahawa hupita kwa vikombe vitatu vinne vinavyosuuzwa katika bakuli moja na kuzunguka midomo ya wote waliokaa, na asiyekunywa nawe hivyo ni shoga wa namna gani? Mama alijitia kutoona. Siku hizi nadhani aliona vizuri, akaamua kwamba nusu ya urafiki ni bora kuliko kukosa.

Basi mtoto wa Bi Kanta, Dilip, alimwona Hansa ngazini, na tangu hapo akawa na safari za kupanda na kushuka zisizolingana na kazi zake. Joto lilipopungua alimwambia mama yake kwamba akimkosa huyo haoi tena. Bi Kanta akashuka kwetu kutaka shauri. Mimi na Hansa tulikuwa mezani, na mlango wa jikoni haukufungwa.

“Msichana nampenda,” tulimsikia akimwambia mama. “Kasoma, ana adabu. Lakini watu wake siwajui, Bi Zamzam. N'kimuuliza kaka yake ukoo, ananambia wana mashamba. Mashamba gani? Mjomba wao nani? Ananijibu huku anatazama saa.”

“Kijana ana haya.”

“Haya, au ana la kuficha? Binamu yangu anakwenda upande ule kwa harusi. Ntamwambia apite kijijini, aulizeulize.”

Nilimtazama Hansa. Kalamu yake ilikuwa imesimama katikati ya tarakimu, na uso wake umepauka hata nikadhani anaumwa. Alikusanya vitabu akaenda zake bila ya kuaga.

Kesho yake aliniita chumbani kwao, akavuta pazia, ingawa dirisha lilitazama ukuta. “Sisi si watu wa mashamba,” alisema. “Sisi ndio tunaoitwa ng'ombe wao akifa.” Sikufahamu, akanieleza, kwa ile sauti yake ya kufundishia. Kwa mamia ya miaka Wahindu wamegawanywa matabaka, kila mtu akazaliwa na daraja lake na kazi yake, na nje ya madaraja yote wakawekwa watu ambao kuwagusa tu ni najisi. Hao waliburura mizoga, wakachuna ngozi, wakazoa vinyesi vya wenzao. Kisima cha kijiji hawakukisogelea; walikaa kando na mitungi yao mpaka mwenye daraja aone huruma ya kuwatekea. Hekaluni hawakuingia. Bibi yake alimhadithia kwamba zamani, katika baadhi ya miji, walifungwa ufagio kiunoni ufute nyayo zao na chungu shingoni cha kutemea mate, wasije wakaichafua ardhi. Uhuru ulipokuja sheria ilipiga marufuku hayo yote, na kiongozi mmoja aliyezaliwa humo humo kwao, mwanasheria, akawahimiza wasome. Ndivyo Hansa alivyopata nafasi chuoni. Lakini kijijini kwao mambo yalibaki yalivyokuwa. Kila nyumba ya wenye mashamba ilikuwa na kikombe kibovu kilichowekwa nje, juu ya ukuta. Mtu wao akishafanya kazi, akitiliwa chai, hukichukua kikombe hicho, hunywa mbali, hukiosha mwenyewe, hukirudisha ukutani kifudifudi. “Mama yangu kanywa hivyo maisha yake yote,” Hansa alisema. “Mahesh alibadilisha jina la ukoo kabla ya kuja huku. Jina lenyewe ndilo linalotusema.”

Nikamuuliza kama Dilip anajua. Anajua, alimwambia mwanzo kabisa, naye akasema hajali, ila mama yake asijue kamwe. Nikamwambia, kwa ujinga wa umri ule, kwamba likijulikana basi ndoa itavunjika, kisha ataolewa na mwengine. Hansa alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayechezea moto. Binamu yake mmoja, alisema, alipanda farasi siku ya harusi yake, kama wanavyopanda mabwana harusi wa madaraja ya juu. Walimshusha kwa magongo, na nyumba ya baba yake ikachomwa moto usiku ule, na hakuna aliyekamatwa. Hilo ni kosa la kupanda farasi tu. Je, kuingia katika nyumba ya watu wa juu kwa jina la uongo, kupika chakula chao, kuzaa wajukuu wao? Mama yake bado yuko kijijini, peke yake, katika nyumba ya mwisho. Huko ndiko hasira ingeshukia. Tangu siku ile, kila nilipomsikia Bi Kanta akishuka ngazi, na nyayo zake zilikuwa nzito, niliacha nilichokuwa nikifanya mpaka aupite mlango wetu.

Nisijifanye kwamba nilishangaa sana. Sisi pia tuna yetu. Katika majumba yetu ya Kiarabu, yenye ubani na mito mizuri, posa ikija swali la mwanzo ni kabila, na la pili ni asili, na huulizwa kwa sauti ya chini, ati ni jambo la heshima. Nimewahi kusikia mtu mzima, mswalihina, akisema juu ya kijana mwenye kila sifa: “Mzuri, lakini kwao walikuwa watumishi wa Bani fulani.” Na jambo likaishia hapo, na kahawa ikaendelea kupita. Tofauti ni kwamba sisi tunakunywa naye kikombe kimoja huyo tusiyemwoza.

Binamu wa Bi Kanta alirudi bila ya jibu la maana. Njia ilikuwa mbaya, kijijini hakufika, alisikia tu kwamba jina lile lipo. Sisi tukapumua. Bi Kanta hakuridhika. “Vizuri,” alimwambia Mahesh pale ngazini, mimi nasikia, “basi nataka kumwona mama yenu. Sipokei mkwe ambaye mama yake sijakaa naye.” Hapakuwa na njia ya kukataa. Mahesh akamwagizia mama yake tikiti, na Ba, ndivyo walivyomwita, akafika: bibi mdogo, mweusi, mikono imekakamaa, amevaa sari mpya ya hariri aliyonunuliwa na mwanawe ambayo kila saa aliipapasa kama ya kuazima. Kwa muda wa siku zile Hansa alimfundisha chini kule mambo ya kusema: mashamba yako upande gani, mjomba nani, hekalu lipi. Nilimsikia akimrudisha nyuma na kumuanzisha tena, kama alivyonifanya mimi kwa hesabu. Mama yangu, ambaye alikuwa hajui kitu, au nilidhani hajui, akasema yeye ndiye atakayewakutanisha nyumbani kwake, kwa chai ya alasiri, maana yeye ni wa pande zote mbili.

Mama alitandika busati sebuleni, akatoa vikombe vyake vya maua. Palikuwa na mandazi, mkate wa kumimina, halua, na matunda ya Bi Kanta. Tulikuwa wanawake watupu: mimi, mama, dada yake mama, Khala Zeyana, aliyetoka Qurayyat kuja kutizama, Hansa, Ba, na Bi Kanta na soda yake. Ba alijibu vizuri, kwa Kigujarati, Hansa akitufasiria sisi wengine. Alisema mashamba, akasema mjomba, akalitaja hekalu, na Bi Kanta akatikisa kichwa polepole, uso umeanza kulainika. Mpaka akamtania kidogo na Ba akacheka, na nikaona Hansa naye anavuta pumzi. Chai ikanywewa. Halafu Ba, katikati ya mazungumzo, bila ya kufikiri, kama mtu anavyofukuza inzi, aliinuka. Akachukua kikombe chake na kisahani chake. Akatoka nao roshani ya nyuma penye bomba, akachutama, akaviosha kwa mkono, akavipanga kifudifudi juu ya ukuta wa roshani, nje, mbali. Alivyorudi hakukaa pale alipokuwa. Alikaa chini karibu na mlango, penye viatu.

Bi Kanta alikuwa na mrija mdomoni, na soda imesimama ndani ya mrija, haipandi haishuki. Hansa alitazama mikono yake. Ba alitutazama mmoja mmoja, akaona nyuso zetu, na hofu ikaanza kumwingia bila ya kujua amefanya nini.

“Alaa!” mama yangu akasema. “Bibi huyu nani kamwambia desturi yetu?”

Bi Kanta aliutoa mrija. “Desturi gani?”

“Posa ikishakubaliwa, kila mwanamke aliyekunywa anaosha kikombe chake mwenyewe, anakianika nje, apigwe upepo wa heri. Mie nilitaka kuwaambia mwisho, kumbe Hansa keshamfunza mama yake. Nasra, inuka! Zeyana!”

Khala Zeyana akafungua mdomo. Alikuwa mtu wa kuuliza, khala yangu. Mama alimtupia jicho moja ambalo sijapata kuliona tena, na khala akafunga mdomo akainuka, magoti yakilalamika. Tukatoka wote na vikombe vyetu, tukaviosha kwa zamu pale bombani, tukavipanga kifudifudi pembeni mwa kile cha Ba.

“Mie Unguja nimekaa umri mzima,” Bi Kanta alisema nyuma yetu. “Mbona sikupata kuiona?”

“Si ya Unguja. Ni ya kwetu Pemba.”

“Pemba.”

“Wete. Wewe Wete umekwenda lini?”

Bi Kanta alikuja mpaka mlangoni mwa roshani, akasimama, akavitazama vile vikombe muda mrefu sana, kimoja kimoja, kisha akamtazama Ba aliyekaa chini penye viatu, kisha mama yangu. “Na mie, nioshe chupa?” akauliza, na mpaka leo sijui kama ilikuwa mzaha. Mama akamwambia ya soda haina haja. Bi Kanta akacheka kidogo, akaaga, na tulimsikia akipanda ngazi taratibu mno.

Walipoondoka wote nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda jikoni, ameshika paji la uso. “Nimesema uwongo mchana mweupe,” alisema, “na nimeisingizia Pemba nzima.” Nilimuuliza amejuaje. Akaniambia kwamba katika shamba la babu yangu kulikuwa na mwanamke, Tausi, aliyemlea yeye mama, aliyemwogesha na kumsuka. Tausi alikuwa na sahani yake ya bati, imetundikwa msumarini nje ya jiko; alikula kwayo peke yake, akaiosha, akaitundika. Hakuna aliyemlazimisha, mama alisema, hakuna hata aliyemwambia. “Yule bibi alivyoinuka na kikombe, nilimuona Tausi.” Nikamuuliza Tausi alikuwa nani hasa. “Alikuwa mtu wa nyumbani,” akasema, na akaniambia nikaanue vikombe.

Uwongo wa mama uliokoa harusi. Bi Kanta alitoa idhini kabla ya wiki kwisha, siku ikatajwa. Lakini Mahesh hakulala. Alikuja kwetu na macho mekundu, akasema bahati kama ile haiji mara ya pili, na siku ya harusi kutakuwa na wanawake mia wanaojua kutazama. Ba ataosha kitu tena, au atakaa penye viatu, au atarudi nyuma mtu akipita. Hawezi kujizuia kwa sababu hajui kama anafanya. Lazima aondoke kabla. Mama alimbembeleza, akasema nitakaa naye mimi, nitamshika mkono. Mahesh akatikisa kichwa. Hansa alilia sikuwahi kuona mtu akilia vile, kimya, mdomo wazi, halafu akaenda kumfungia mama yake mizigo.

Ba alipanda kwetu kuaga. Alisema maneno marefu kwa Kigujarati, na Hansa hakutaka kuyafasiri, mpaka mama akamkazia. “Anauliza alikosa nini,” Hansa alisema. “Anasema aliogopa asiwatie najisi vyombo vyenu, mliomfanyia wema.” Ba aliinama kugusa miguu ya mama, mama akamdaka mabegani, akamkumbatia kwa nguvu, kama tunavyokumbatiana sisi, na yule bibi akakakamaa mikononi mwake kama mti, hajui la kufanya na mikono yake. Nilichukia kila mtu siku ile. Nilimchukia Bi Kanta, na Mahesh, na babu yangu wa Wete ambaye sikumjua.

Hansa aliolewa na Dilip, na watu wakaambiwa mama yake aliugua akarudi. Tuliapishwa, mama na mimi, kwa Msahafu, kwamba siri ile haitatoka. Siku ya harusi Bi Kanta alimshika mama mkono mbele ya watu. “Ile desturi ya Pemba,” alisema, “ya Nasra nitakuja kuiona.” Akaja. Basi posa yangu ilipokubaliwa tuliosha vikombe, na ya mdogo wangu, na za watoto wa Khala Zeyana, kwa kuwa Bi Kanta hakukosa hata moja, akikaa na chupa yake akituhesabu. Sasa yeye amekufa, mama amekufa, na wajukuu zetu wanaosha vikombe na kupiga picha, wakiamini ni jambo la kale. Bi Kanta alijua au hakujua? Alikula chakula cha Hansa mpaka kufa kwake, na hakumuuliza tena habari za mama yake hata siku moja. Nikifikiria hivyo vitu viwili pamoja, mgongo hunisisimka.

Hansa hakwenda tena kijijini. Alikuwa akija kwetu siku za Ijumaa, mama mkwe wake akiwa amelala, kutumia simu yetu ya ukumbini. “Ba! Ba! Unanisikia?” alipiga kelele, kwa kuwa simu ilikuwa katika duka la mbali na mtu alikwenda kumwita bibi. Hivyo kwa miaka na miaka. Mimi nilikuwa nimeshazaa watoto wangu wawili siku alipokuja na duka likamwambia hakuna tena wa kuitwa.

Hayo nilikuwa nayo kichwani juzi, nimekaa kwa Rupal kati ya wageni, picha ya Hansa ukutani imevikwa koja la maua. Rupal ni mwanamke mzuri, ana duka la miwani, amelelewa na bibi yake mzaa baba, Bi Kanta, na Kiswahili chake ni kile kile. Alinivuta chumbani akafunga mlango.

“Khala Nasra, nna shida na mwanangu Mira. Kapata mvulana huko anakosoma. Ni wa wale, khala. Wale wa chini, waliokuwa hawaguswi. Siku hizi wanajiita Dalit, na yeye wala hafichi, anajitapa.”

“Kijana mwenyewe ana tabia gani?”

“Tabia itanifaa nini? Mie si mtu wa zamani, lakini hao hawaingii nyumbani kwangu. Mira anakusikiliza wewe. Mwambie bibi yake angelikufa kwa aibu. Mwambie kuwa wasia wake ni huo.”

Kupitia ukutani nilimsikia Mira, mtoto mwembamba, akiwauliza wageni nani anataka chai. Nilimuuliza Rupal kama alipata kumjua bibi yake, mzaa mama yake.

“Nani? Ba?” Alishangaa. “Alikufa wakati mama yangu ni mtoto mdogo kabisa. Mama mwenyewe hakuijua hata sura yake.”

Nikakaa. Kiapo nilikishika tangu usichana wangu, nikamficha mume wangu, nikawaficha wanangu, na nilikuwa tayari kuzikwa nacho. Lakini Hansa hakunambia kwamba alimuua mama yake mara ya pili, kwa maneno, mbele ya watoto wake. Nilimhurumia, na niliona hasira, yote mawili kwa pamoja.

“Mwite Mira,” nilisema.

“Sasa hivi? Utamwambia?”

“Mwite, akae hapa karibu yako.”

Mira akaja, macho yamevimba, akasimama mlangoni, mbali. Nikamwambia aingie. Kisha nikamshika Rupal mkono.

“Ba hakufa wakati huo, mwanangu,” nilimwambia. “Tulimrejesha kwao, ili mama yako apate kuolewa.”